Kitu Kilichopita Juu ya Paa la Maabara

Profesa wetu tulimbandika jina la Mizani, na si kwa sababu ya haki. Alipenda kuona mtu akipungua.

Mwanafunzi wake wa uzamivu, binti mmoja, alifunga kamera juu ya paa la maabara, na mchana mmoja ikanasa kitu cheusi kikikata anga. Binti akapiga hesabu: kiko juu ya mawingu, na kwa kasi yake hakuna ndege ya kukifikia. Kamera ya pili, kwenye paa la maktaba, haikuona kitu. Akasema ilizibwa na mti. Tasnifu nzima akaijenga juu ya picha hiyo moja, na Mizani akasoma kila sura, akamwambia aendelee.

Siku ya utetezi binti alimleta mama yake, akamketisha mbele. Akifaulu, nafasi ya uhadhiri ilikuwa yake. Asubuhi hiyo Mizani alinikabidhi mimi, fundi wa maabara, video ya kitu kile ya kuonyesha. Nilipoifungua nikaona kwa tarehe yake kwamba aliitengeneza tangu mwaka wa kwanza wa binti. Alijua siku zote, mshenzi yule, akamwacha ajichimbie kaburi.

Ukumbini alimuuliza alipimaje umbali. Binti akakiri kwamba aliukadiria tu.

"Ukikisia umbali, mwanangu, na kasi umeikisia," Mizani akasema kwa upole.

Hapo ilitosha. Lakini kuchinja hakukumtosha. Alitaka kisu akishike mwingine. Akamgeukia mama, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaomba awasaidie wasomi. Video ikaja, imekuzwa na kupunguzwa mwendo.

"Mama, hiki ni nini?"

Mama akasimama kabisa, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Furaha yake ya kuulizwa na profesa ilinichoma.

"Ni nzi, baba. Mabawa yake si hayo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye akacheka, akidhani wanampongeza. Kisha jopo likaikataa tasnifu, kwa maneno ya kitaalamu ambayo mama hakuyaelewa hata moja.

Niliwasindikiza hadi kwenye ngazi. Mama alimshika bintiye mkono.

"Nilijibu vizuri?"

"Umepata, mama."

"Basi kazi watakupa," mama akasema, akaanza kushuka.