Sauti Iliyobaki Angani

Suzana Malimi alikuwa ameshika kikombe cha chai ya rangi mkono wa kushoto na maiki mkono wa kulia, akimsikiliza Zadok Ogweno akilalamika kutoka angani kwamba sato wa Musoma siku hizi hawazidi kiganja. Zadok alikuwa rubani wa ndege ndogo ya injini moja. Alasiri ile alikuwa anarudi kutoka Musoma na abiria wawili, mama na binti yake, kuja Mawe Matatu, kiwanja kidogo cha ndege kilichopo ufukweni Ilemela. Suzana alikuwa mwongoza ndege wa zamu. Mnara wenyewe ulikuwa chumba cha vioo kilichojengwa juu ya matangi ya maji, na ndani yake mlikuwa na redio moja.

Redio hiyo ilikuwa na tabia yake. Mvua ikinyesha ilipokea, lakini haikutuma. Suzana alikuwa amemweleza meneja wa kiwanja, Maige, tangu masika ya mwaka juzi, na Maige alikuwa amemjibu kwamba mvua hainyeshi kila siku.

Mvua ilishuka ghafla kutoka upande wa Ukerewe. Zadok aliita kuomba njia. Suzana alimjibu. Zadok aliita tena kama mtu ambaye hajajibiwa, na kweli hakuwa amejibiwa. Suzana aliongea mpaka mate yakamkauka, akiwa ameng'ang'ania kitufe cha maiki, akimwambia ageukie kulia, kwa kuwa kushoto kulikuwa na kilima cha mawe. Zadok aligeukia kushoto.

Jioni Maige alipanda ngazi za mnara akiwa na mwavuli.

"Rubani hakuita," alisema. "Umenielewa? Mitambo ilikuwa mizima, rubani hakuita. Maelezo nitatoa mimi. Wewe nyamaza tu."

"Sawa, bosi," alisema Suzana.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kusikika ardhini. Alipofika nyumbani Buswelu alimwita mwanawe Precious aje kumpokea mkoba, na mtoto akaendelea kucheza. Alimwita mumewe, Ndalahwa, aliyekuwa anachambua mchele, naye hakugeuka mpaka alipoguswa bega. Midomo ya Suzana ilicheza, koo likapanda na kushuka, sauti haikuwepo. Ndalahwa alimchemshia maji ya tangawizi. Asubuhi hali ilikuwa ileile, kwa hiyo akampigia pasi sare, na Suzana akaenda kazini.

Alipofika mnarani alijisemea tu, bila kugusa maiki, kwamba baridi imezidi. Rubani mmoja aitwaye Pius, aliyekuwa juu ya Sengerema, akajibu kwenye spika, "Vaa sweta, dada."

Ndivyo ilivyojulikana kwamba sauti ya Suzana imehamia angani. Ndege ikiwa bado chini, hata injini ikinguruma, rubani hakusikia kitu. Magurudumu yakishaacha lami alimsikia vizuri, iwe mvua au jua, Suzana awe mnarani, jikoni au kanisani. Marubani walizoea mapema. Walimsikia akimwimbia Precious alale, wakapunguza maongezi yao mpaka amalize. Precious mwenyewe alisinzia huku akiitazama midomo ya mama yake. Siku mtoto aliposhikwa na homa, Pius alitua kwanza, kisha akampigia simu Ndalahwa.

"Shemeji, mkeo anasema dawa iko nyuma ya kopo la sukari. Anakuonyesha, wewe huelewi."

Ndalahwa alishukuru. Alimpa mtoto dawa, akarudi kukaa jikoni, na hakuwasha taa.

Maige alifurahi. Sasa kiwanja kilikuwa na sauti isiyokatika kwenye mvua na isiyohitaji umeme. Alifuta ombi la redio mpya, akampangia Suzana zamu zote za masika.

Amondi, mjane wa Zadok, alifika Buswelu siku ya Jumapili baada ya ibada. Alikuwa ametoka Rorya kwa basi. Kule kijijini ndugu wa yule mama na binti waliokufa naye walikuwa wameambiwa kwamba Zadok alizembea, kwamba alipita kwenye mvua bila kuwasiliana na mtu yeyote. Waliacha kuitika salamu ya Amondi. Kwenye kaburi la Zadok palikuwa pameanza kumwagwa takataka.

"Dada Suzana, nimekuja kwa jambo moja," alisema. "Mume wangu aliita au hakuita?"

Suzana alimjibu. Alimjibu kwa kirefu, machozi yakimshuka, na Amondi alimkazia macho mdomoni asipate kitu. Ndalahwa alileta karatasi na kalamu. Suzana aliandika *Aliita*, akamsogezea karatasi.

Amondi aliitazama karatasi. "Nitawapelekea hii? Watasema nimeandika mwenyewe. Na mimi nataka kusikia alivyosema."

Ndalahwa alimpigia Pius, na Pius akaomba apewe Amondi simu.

"Shikamoo, mama. Alhamisi kamati ya uchunguzi wa ajali inamhoji dada Suzana. Muda huo nitakuwa juu. Kiti cha pembeni yangu hakina mtu."

Amondi alisema hawezi kupanda kitu kilichomuua mumewe. Alhamisi asubuhi alifika kiwanjani kabla ya Pius.

Wanakamati walikuwa watu watatu wapole kutoka Dar es Salaam. Walikaa kwenye ukumbi wa kiwanja, wakampa Suzana kiti na chupa ya maji. Mwenyekiti alimfafanulia kwamba ushahidi hutolewa kwa mdomo. Maandishi ya wafanyakazi hupitia kwa meneja. Maige alikuwa amekaa karibu na dirisha. Suzana alisimama, akaanza kuongea.

Juu ya ziwa, Amondi alikuwa amefumba macho na kushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, hedfoni masikioni. Sauti ilimfikia kwa karibu sana, kama ya ndugu wa kike mliyelala naye kitanda kimoja.

"Aliita," ilisema. "Aliomba njia kwa adabu, kama siku zote. Nilimjibu, redio haikutuma. Ilikuwa mbovu, na meneja alijua. Akasema nyuma ana mama na binti, binti analia, jamani nijibuni. Nikamwambia kulia, Zadok, kulia. Hakunisikia. Mwisho aliongea lugha yenu. Mimi Msukuma, sikuelewa, nasema nilivyosikia: *Amondi, lit nyisindo.*"

Amondi alifumbua macho. *Rit nyithindo.* Watunze watoto. Alikaa akiyarudia maneno yale kwa matamshi yake, kwa sauti ya chini. Pius hakujua Kijaluo. Alizungusha ndege taratibu juu ya maji mpaka Amondi alipomwambia basi.

Ukumbini mwenyekiti alisubiri midomo ya Suzana itulie.

"Ahsante sana, mama," alisema. Akaelekeza iandikwe kwamba shahidi wa mnarani hakuwa na la kusema.

Pius na Amondi waliingia wakati wanakamati wanakunywa chai. Walieleza walichosikia, neno kwa neno. Mwenyekiti aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Mmesikia mkiwa wapi?"

"Angani," alisema Pius.

"Siwabishii," alisema mwenyekiti. "Ila kamati imekaa hapa chini."

Tangazo lilitoka kabla ya mwezi kuisha, nalo lilisema ni uzembe wa rubani. Kule Rorya mama mkwe wa Amondi alimwamini tangu sentensi ya kwanza. Ndugu wa marehemu wale wawili walisema nao wangependa kuamini, maana Amondi hana sababu ya kudanganya, lakini tangazo limeshasomwa kanisani. Amondi alijenga uzio wa miiba kuzunguka kaburi, akaendelea kulima.

Masika yaliyofuata Suzana alianguka mnarani. Alilazwa hospitali moja ya mjini kwa malaria na uchovu, akawekewa dripu, na daktari akasema aachwe alale. Ndalahwa alikaa pembeni ya kitanda. Alasiri mawingu yaliposhuka, Maige aliingia wodini akiwa amelowa mabega, mkononi ana kiredio kidogo cha kusikilizia tu, kisichoweza kutuma. Alikiweka juu ya mto.

"Kuna ndege inatoka Bukoba," alimwambia Ndalahwa. "Wako wanne."

"Daktari amesema asiamshwe."

"Nami namwonea huruma," alisema Maige. "Lakini wako wanne."

Kiredio kilikwaruza. Mwanamume mmoja aliita kwa utulivu, akaomba njia. Akasubiri. Akaita tena, na sasa utulivu ulikuwa umepungua. Ndalahwa alimtazama Maige, akatazama dripu, akamtazama mkewe ambaye alikuwa hajalala hivi tangu mwaka uanze. Halafu akamtikisa bega.

"Mama Precious," alisema. "Amka. Kuna mtu anaita."

Suzana alifumbua macho kwa shida. Midomo yake ikaanza kucheza, na baada ya muda mfupi yule mwanamume akasema amempata, anageuka. Ndalahwa alimfuta mkewe jasho usoni kwa kona ya shuka. Maige alimuuliza muuguzi kama kuna soketi karibu na kitanda, ili kiredio kisije kikaishiwa chaji.