Mtoa Mate

Shemeji yangu, mke wa kaka, hufanya kazi ambayo ukiisimulia mezani watu huweka vijiko chini. Anafuga bakteria wa mdomoni. Huchukua vipande vya dawa ya kuzibia meno, kila kimoja kama kifungo cha shati. Nusu hung'arishwa kwa dawa ya kung'arishia meno, nusu huachwa hivyo hivyo, kisha vyote hulazwa kwenye mate. Anataka kujua wadudu watang'ang'ania wapi zaidi. Mate yenyewe ni yangu. Kila Jumatatu asubuhi natema kwenye kichupa kabla ya kupiga mswaki, naye hunishukuru kana kwamba nimempa figo.

Mizunguko minne ya jaribio hilo ilikwenda sawa: vilivyong'arishwa vilibeba wadudu wengi zaidi. Wa tano, vyote vikatoka vitupu. Na Ijumaa ilikuwa ripoti, mbele ya watu watakaoamua kama utafiti wake utaendelea.

"Bosi kasema niutupe tu huo wa tano," alituambia sebuleni, koti la maabara bado mwilini.

"Si uutupe basi," kaka akasema.

"Nitautupaje wakati sijui umekuwaje? Labda ndio unaosema kweli."

Alikuwa ameshachemsha upya kila chombo, sasa anailaumu mikono yake mwenyewe. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Shem," nikasema, "Jumatatu ile nilikuwa naenda kuonana na wakwe. Nilisukutua kwa ile dawa ya kuua vijidudu. Mara mbili."

Nilijua atanirarua. Akacheka hadi akakaa sakafuni. "Kumbe wamekufa kihalali! Shemeji, utaniua!"

Kisha akafungua daftari na kuandika, bila kunipamba: mtoa mate alisukutua mdomo, mzunguko unarudiwa. Papo hapo akampigia bosi kuomba Ijumaa isogezwe, akijua wanaweza kukataa na kazi yake ikaishia hapo. Mimi ningeutupa ule mzunguko nikalala usingizi wangu. Namheshimu mwanamke huyu kuliko ninavyojua kusema.

Walimwongezea wiki moja. Jumatatu ikafika, na ndiyo asubuhi ambayo mama mkwe wangu alipita kutusalimia. Nilimfungulia mlango, nikampokea mkoba, nikamwamkia kwa mbali, kiganja mdomoni.

"Vipi, mwanangu? Jino linauma?"

"Hapana, mama," nikasema. "Namsubiri shemeji alete kichupa."