Fomu ya Thelathini na Moja

Jumanne, tarehe tisa Julai. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka chini, taa za kando ya njia ya kurukia zikawa kama macho ya mtu mwenye mafua. Ndege ilipangwa kuondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa moja ikapita na robo yake, bado imeegeshwa palepale, abiria sitini na wanane wamefungwa mikanda wakimlaumu rubani, na marubani wawili mbele wakiulaumu ukungu.

Aliyekaa kulia alikuwa rubani msaidizi, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, ambaye aliamka kwenye nyumba ya wageni kabla ya alfajiri, akasali, akapiga pasi shati lake, akasali tena. Alisali mara mbili kwa sababu siku hiyo alikuwa na jambo. Marubani wa kampuni walikuwa sitini. Wakitimia thelathini na mmoja waliosaini fomu ya chama, chama kingetambuliwa, nacho kingezungumza na ofisi juu ya mishahara ya wote. Fomu zilizosainiwa zilikuwa thelathini. Afisa wa kazi angekuja makao makuu saa nne kamili kuzihesabu, na zisipotimia, basi tena mpaka baada ya miaka miwili. Yeye hakuwa na miaka miwili. Mkataba wake ungekwisha Ijumaa, na ofisi ilikuwa imemwandalia mpya wa kulipwa saa za angani tu.

Aliyekaa kushoto, Kapteni Orodha, hakuwa amesaini.

Jina hilo alilipata kwa haki. Kila hatua ya safari ina orodha yake ya ukaguzi: mmoja anasoma, mwenzake anatazama, anagusa, ndipo anajibu. Mwaka juzi rubani mmoja alimjibu kabla ya kugusa, na Kapteni akamshusha kwenye ndege na kumwandikia ripoti ya kurasa tatu. "Kwenye orodha," alizoea kusema, "ulimi hauna ruhusa ya kuutangulia mkono."

"Kapteni," alisema rubani msaidizi, "muda wote huu tuliokaa hapa, kwa mkataba mpya ni sadaka."

"Sadaka ina thawabu, binti."

"Thawabu inatoka kwa Mungu. Hii tunampa Bwana Tabasamu."

Bwana Tabasamu ndiye mkurugenzi wa safari. Hajawahi kumnyima mtu kitu bila kumchekea kwanza.

"Mimi na ofisi tunaelewana," alisema Kapteni. "Vyama ni vya wapakua mizigo. Rubani anabisha hodi, anavua kofia, anasema shida yake."

"Wewe umebisha mara ngapi?"

"Mara nne."

"Ukapata nini?"

Kapteni aliugeukia ukungu. "Chai."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Kapteni."

"Mimi sina chawa."

Nyuma yao kicheko kililipuka. Alikuwa mkuu wa wahudumu, mama mnene, mwepesi wa miguu na wa maneno, ambaye wafanyakazi wote walimwita Shangazi. "Baba, wewe huna chawa kwa sababu huna nywele," alisema, akawapa vikombe vyao, akarudi kutuliza abiria.

Kila mtu alijua chawa wa Kapteni ni yupi. Kwa miaka saba Bwana Tabasamu alikuwa akimwahidi cheo cha mkufunzi mkuu. Kila Januari ni mwaka huu, kila Desemba ni mwakani. Mtu aliyesubiri hivyo haachi foleni kirahisi, hata kama dirisha limefungwa.

Ukungu uliinuka, wakaruka, na saa tatu na dakika kumi walitua makao makuu. Abiria wakashuka. Shangazi akaja kusimama mlangoni pa chumba cha marubani, na kando yake fundi wa zamu, akitafuna bazoka, akisubiri kitabu cha hitilafu. Rubani msaidizi akashika kadi ya orodha ya mwisho. Moyoni alisema: Ee Mungu, nisamehe, na msamaha wenyewe nauomba mapema kidogo.

"Breki ya kuegesha?"

"Imefungwa."

"Injini?"

"Zimezimwa."

"Pampu za mafuta?"

"Zimezimwa."

"Kitabu cha hitilafu?"

"Kimesainiwa."

"Hati ya mzigo?"

"Imesainiwa."

"Fomu ya chama?"

"Imesainiwa."

Fundi aliacha kutafuna. Kapteni alikuwa ameshainua mkono kuvua vipokea sauti, na mkono ukabaki hewani.

"Kipengele hicho cha mwisho hakimo kwenye orodha," alisema taratibu.

"Hakimo, Kapteni."

"Umekiongeza."

"Nimekiongeza."

"Na mimi?"

"Wewe umejibu, baba," alisema Shangazi. "Tumesikia mimi na fundi, na kinasa sauti cha ndege ni shahidi wa tatu."

"Mimi sijasikia kitu," alisema fundi haraka. "Nina watoto wanne."

Kapteni alimgeukia rubani msaidizi. Macho yake hayakuwa na mchezo. "Unajua kwa hili naweza kukusimamisha kazi?"

"Najua." Akairudisha kadi ya orodha mahali pake. "Nimeshaomba msamaha."

"Hukuniomba mimi."

"Nilianza na Mungu, Kapteni. Wewe ulikuwa wa pili kwenye foleni."

Shangazi alijifunika mdomo kwa tambara la kufutia meza. Kapteni akatoa kijitabu cha ripoti mkobani, akaandika kwa herufi zake zilizosimama wima kama askari: rubani msaidizi ameongeza neno kwenye orodha. Akapiga mstari. Kisha akaandika la pili: kapteni amejibu bila kutazama. Hapo kalamu ikapunguza mwendo.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Sijawahi."

Chini ya ukurasa palikuwa na kisanduku: Hatua iliyochukuliwa kurekebisha. Kanuni iliruhusu mambo mawili tu. Jibu la uongo lifutwe, au litimizwe. Kufuta ilikuwa kazi ya sekunde moja, na rubani msaidizi alilijua hilo tangu alipotunga mtego wake. Panya huyu alikuwa na mlango wa kutokea. Ndiyo maana alikuwa amesali mara mbili.

Simu ya Kapteni ikaita. Alikuwa Bwana Tabasamu, na sauti yake nene ilijaza chumba kile kidogo.

"Kapteni wangu! Karibu. Pita ofisini kabla ya saa nne, chai iko tayari. Ile nafasi yako ya ukufunzi, mwaka huu nina hakika kabisa."

"Niandikie, Bwana Mkurugenzi," alisema Kapteni.

"Ndugu yangu! Maandishi ya nini kati yangu na wewe?"

"Mstari mmoja tu. Weka tarehe, usaini."

Upande wa pili pakatokea kicheko kirefu, cha mtu anayechekea mlango uliofungwa. "Tusifikishane huko. Njoo tunywe chai."

Kapteni alikata simu akakaa akiitazama. "Miaka saba," alisema, hakusema na mtu yeyote, "anasoma yeye, anajibu yeye. Mimi nilikuwa abiria." Akachukua kofia yake, akaiacha ripoti bila kukijaza kisanduku, akatoka.

Chumba cha mapumziko cha marubani, pale makao makuu, kilijaa mpaka watu wakakalia meza. Afisa wa kazi, mwanamke mwembamba mwenye saa kubwa ya mkononi, alikuwa ameshahesabu mara mbili. "Thelathini," alisema. "Imepungua moja. Zimebaki dakika tisa."

"Na ipungue!" alisema kapteni mmoja mzito waliyemwita Masharubu. "Leo chama, kesho mtatuvisha fulana nyekundu tubebe mabango."

"Fulana itakufaa, kaka," mtu alimjibu kutoka nyuma. "Vifungo vya shati hilo vimeshachoka kukubeba."

"Chekeni tu. Kampuni ikianguka mtacheka?"

"Ilinunua magari matatu ya wakubwa mwezi uliopita. Imeanguka kwa uzuri sana."

Kelele zikapanda, kila mmoja akisema na hakuna anayesikia, mpaka Kapteni Orodha alipoingia. Akaomba fomu. Akavaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akageuza akasoma nyuma. Akasoma mpaka jina la kiwanda cha uchapaji.

"Kapteni, dakika tano," alisema afisa.

"Naona saa."

"Yesu na Maria," alinong'ona mtu. "Hata hati ya ndoa hakuisoma hivi."

"Ndiyo maana hii naisoma," alisema Kapteni.

Rubani msaidizi alisimama karibu na dirisha. Midomo yake ilikuwa ikitikisika na safari hii hakumwomba Mungu msamaha wa kitu chochote. Zikiwa zimebaki dakika mbili, Kapteni akasaini, akakagua saini yake, akampa afisa karatasi kwa mikono miwili.

"Thelathini na moja," alisema afisa. Shangazi, ambaye hakuwa rubani wala hakualikwa, alipiga kigelegele mpaka madirisha yakalia.

Afisa akainua kalamu. "Bado jambo moja. Kabla sijaondoka niandike jina la atakayekaa mezani na mkurugenzi kuanzia kesho."

Watu waliokuwa simba dakika moja kabla wakaanza kutazama viatu vyao.

"Aliyewasha moto aupulize," alisema Masharubu, akimwonyesha rubani msaidizi kwa kidevu. "Si ndiye huyu?"

"Mkataba wangu unaisha Ijumaa," alisema yeye. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Wakikataa tu kuniandikia mwingine, Jumamosi mimi si mfanyakazi, na chama hakina msemaji."

Ndipo Kapteni Orodha akavua miwani, akaikunja, akasimama katikati ya chumba.

"Niandike mimi," alimwambia afisa.

"Na cheo chako cha ukufunzi, mzee?" aliuliza Masharubu.

"Kichukue wewe, ukipenda chai."

"Maneno ya chumbani ni mepesi, baba," alisema Shangazi. "Sema kwa sauti, mashahidi tupo."

Kapteni akainua mkono wa kulia, na hata waliokuwa kwenye korido wakasogea mlangoni.

"Naahidi mbele ya afisa wa kazi na mbele yenu wote mliomo humu: nitakaa kwenye meza ile mpaka mkataba wa wote upatikane, na wangu sitausaini kabla huyu binti hajasaini wake, utakaomlipa saa za angani na za ukungu pia. Na ripoti yake, namwahidi vilevile, naipeleka leo saa sita mchana, pamoja na yangu."