Ndoo ya Nguo Chafu

Mke wangu anafuga mbwa, na ana sharti moja ambalo limewakimbiza watu wengi kuliko mbwa wenyewe. Anayetaka mtoto wa Mheshimiwa, mbwa wetu jike mwenye rangi ya majivu, lazima alete nguo aliyoshinda nayo kutwa, isiyoguswa na maji wala sabuni. Nguo inaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Zikitimia sita, ndipo dume linaitwa. Watoto wakizaliwa, kila mmoja analazwa na nguo ya mtu wake, ili siku ya kuhama asilie njia nzima. Zisipotimia, hakuna harusi.

Watu humcheka. Mimi ni kinyozi, nasikia kila kitu: eti mke wako anauza mbwa au anawatafutia wachumba? Nanyamaza tu, maana wembe uko mkononi mwangu na shingo ni yao.

Mwaka huu nami nilitia shati langu. Daktari wa mifugo alishasema huu ndio uzazi wa mwisho wa Mheshimiwa, umri umekwenda, na mimi nilitaka mtoto wake mmoja abaki nyumbani. Nilimtaka kama mtoto anavyotaka peremende, sifichi. Ndoo ikatimia, dume likawa linasubiriwa Jumamosi.

Ijumaa akaja dada yangu kutusalimia. Dada yangu na uchafu hawapikiki chungu kimoja. Tulipokuwa kazini akafunua ndoo. Tuliporudi tulikuta nguo tano zinang'aa kwenye kamba, na ya sita iko chini ya pasi.

"Wifi, humo kulikuwa na kitu kimekufa," alimwambia mke wangu kwa fahari. "Nimewaokoa."

Mke wangu alikaa kizingitini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akashika simu: dume lisubiri kwanza, na kila mtu aje achukue nguo yake, aivae tena kutwa nzima, airudishe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu alikuja siku hiyo hiyo. Mama wa duka la dawa naye akaja. Dereva wa lori akasema, "Tumieni hiyo hiyo iliyofuliwa, mbwa atajua nini?" Mwenye gereji akaahidi kutuma mtu, na huyo mtu tunamngoja hadi leo. Wa mwisho hakupokea hata simu.

"Zimebaki tatu, na yako ikiwemo," mke wangu alisema. "Basi, hakuna harusi."

"Mama watoto, usiwe na kichwa kigumu! Wakizaliwa watapata tu pa kwenda."

Alinivuta mkono mpaka dirishani. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya bucha, mbwa wasio na kwao walikuwa wakigombea mfupa.

"Wale nao kuna mtu alisema watapata tu," alisema. "Asiyeweza kuvaa shati kutwa nzima, ataweza kulea mbwa miaka kumi?"

Niliumia, nikanuna kama mtoto. Shati langu, ambalo nilikuwa nimelivaa upya kazini hadi likanuka jasho na mafuta ya nywele, niliamua kulifua mwenyewe yaishe. Nikaenda kulichukua kwenye msumari wa kibarazani, sikulikuta.

Nililikuta nyuma ya tangi la maji. Juu yake alijikunja mbwa mmoja wa kule bucha, sikio limechanika, mbavu zote nje. Nilimjua. Kila siku hulala mlangoni kwangu kazini, nami kila siku humfukuza kwa ufagio. Aliponiona alifyata mkia, lakini shati hakuliachia.

Mke wangu alikuja na bakuli la maji. Akamtazama mbwa, akatazama shati, akanitazama mimi.

"Nguo imeletwa, haijafuliwa, na mbwa ameikubali," alisema. "Mimi sina pingamizi."

"Lakini si mtoto wa Mheshimiwa," nilisema, na sauti ilinitoka ndogo.

"Si wake, kweli. Muulize mwenyewe kama anamkataa."

Mheshimiwa alikuwa ameshafika. Alimnusa mgeni kichwa hadi mkia bila haraka, akaguna, kisha akalala kando yake juu ya mkono wa shati langu. Nilijikuta natabasamu kabla sijamaliza kununa.

Daktari aliwafunga kizazi wote wawili siku moja, na mgeni akapata chanjo. Mwalimu alikuja kunicheka. Alipoondoka alipitia nyuma ya bucha, akaacha huko kofia aliyoshinda nayo kutwa.

Juzi dada yangu alikuja tena. Nilikuwa ndani nakunywa chai nikasikia bomba la uani linafunguliwa, na yeye anasema, "Na hili dude nalo, jamani?"

Nilitoka mbio, miguu mitupu.

"Dada, weka chini hilo shati!" nilipiga kelele. "Lina mwenyewe!"