Nafasi ya Mkono wa Aloo

Jumanne saa nne asubuhi, Mbeti alikata sabuni ya kufulia vipande vitano vidogo, kila kimoja unene wa kidole, akavibandika kwenye pembe za kalipa mpya. Kalipa ni kile chuma kinachobana diski ili gari lisimame. Hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani karibu mara moja na nusu, na diski yake ilikuwa pana kama sahani ya pilau. Kazi ya Mbeti ilikuwa kuhakikisha kwamba gurudumu lingezunguka bila kuigusa.

Gereji ya Shitanda iko mtaa wa Tassia, chini ya ghorofa ambazo nguo zake hudondoshea magari maji mpaka saa sita. Mafundi wengi hufunga gurudumu, hulizungusha na kusikiliza. Mbeti haamini sikio. Kwanza hubandua vipande vya risasi vya kubalansi ndani ya rimu, kwa sababu ndivyo hugusa mapema. Kisha sabuni, kisha gurudumu na nati zote, mzunguko mmoja kwa mkono, usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Gurudumu likivuliwa, unene wa sabuni iliyobaki ndio nafasi iliyopo. Ikibaki milimita tatu, gari linaweza kwenda. Pungufu ya hapo, chuma kitapata moto, kitafura, na rimu itaanza kukwaruzwa.

Gari lilikuwa la kubeba watoto wa shule, mali ya Bedan Mbugua. Mwezi wa kumi lilimgonga Aloo, msichana wa gredi ya pili, mbele ya duka la gesi, na Aloo akafa. Wazazi walisema watoto wao hawatalipanda tena mpaka liwekwe breki kubwa. Mbugua akanunua breki za gari kubwa zaidi, akazileta ndani ya gunia bila kupima rimu zake.

"Mbugua, wewe ungemnunulia mtu viatu kwa simu," Shitanda alimwambia.

Mbugua alicheka, akaacha funguo, akaenda zake.

Mbeti alipovua gurudumu la mbele kushoto, kipande cha sabuni cha juu kilikuwa na mabonde manne madogo, yamepangana. Alijaribu kuingiza vidole vyake mwenyewe. Havikuenea. Akabandika sabuni mpya, akarudisha gurudumu. Lilizunguka nusu, likasimama taratibu, kama mlango ulioshikwa na mtu wa upande wa pili. Akalivua tena.

Juu ya kalipa palikuwa na mkono wa mtoto, wa kulia. Uliishia kwenye kifundo, safi, kama sweta lililokunjwa mkono. Vidole vilishika ukingo wa chuma. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa na rangi ya zambarau, kucha nyingine hazikuwa na rangi.

Shitanda alifuta mikono kwa kitambaa, akainama akautazama.

"Unene?"

"Kumi na nane, vikiwa vimekunjwa," Mbeti alisema baada ya kupima. "Vikinyooka, ishirini na nne."

"Basi rimu hizi hazitoshi."

Shitanda alijaribu kuuondoa kwa vidole viwili. Mkono ulishika zaidi. Akauacha, kwa sababu haifai kuvutana na mtoto, akampigia Mbugua simu.

Mbugua alifika mchana. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye gari na kuuliza kama mkono ungeonekana kwa nje. Shitanda alimweleza kwamba kwa rimu zile zenye matundu mengi ungeonekana, lakini alikuwa amesikia kuna rimu za inchi kumi na sita zenye matundu machache, na hizo zingetoa pia nafasi ya kutosha. Mbugua akasema zitafutwe. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

"Mtoto alikatiza ghafla," akaongeza, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mbeti alinawa, akavua ovaroli, akatembea mpaka mtaa wa Pipeline, mahali mama yake Aloo hukaanga samaki. Jina lake Jacklyne Amolo. Mbeti hakuwahi kuzungumza naye, ila alikuwa akimkwepa tangu mwezi wa kumi, akipitia njia ya nyuma yenye maji machafu. Alingoja wateja wawili wahudumiwe. Kisha akamwambia kwamba mkono wa Aloo uko gereji, kwenye gurudumu la mbele kushoto.

Jacklyne aliuliza ni upi.

"Wa kulia."

Jacklyne aliepua karai, akamwachia jirani samaki, wakaondoka na aproni yake ikiwa bado kiunoni.

Gereji walimpa debe la mafuta alikalie. Alitazama ukucha wa zambarau, akasema rangi ilikwisha baada ya kidole gumba, na alikuwa ameahidi kununua nyingine mwisho wa mwezi. Akasema pia kwamba Aloo alizikwa kwao Ugenya akiwa na mikono yote miwili. Alijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemvisha glavu nyeupe. Hakuna aliyembishia. Kilichokuwa Ugenya kilikuwa Ugenya, na hiki kilikuwa hapa. Alinyoosha kidole kimoja. Mkono ukaachilia chuma, ukashika kidole chake, na wakakaa hivyo muda wa kutosha kwa Shitanda kumaliza kubadilisha oili ya gari jingine.

Kisha Jacklyne akamtazama Mbeti.

"Kwenye faili polisi waliandika breki zilikuwa nzima na mtoto alikatiza. Mimi nilimfundisha kuvuka. Alikuwa akisimama, anaangalia, ndiyo anavuka. Wewe ni fundi wa hili gari. Zilikuwa nzima?"

Mbeti alijibu akitazama chini. "Hazikuwa."

Akaeleza kwamba Ijumaa kabla ya ajali alizivua pedi za breki za mbele, akazikuta zimelika zikawa nyembamba kama kadi ya simu. Alimwonyesha Mbugua. Mbugua akasema zirudishwe, zitasukuma siku mpaka shule zifungwe.

"Nani alizirudisha?"

"Mimi."

Jacklyne hakupandisha sauti. Hakutoa kidole chake kwenye mkono wa mtoto. Akasema, "Twende ukaseme hivyo mahali panapoandikwa."

Walikwenda siku iliyofuata, Shitanda akiwatazama wakiondoka bila kuwazuia wala kuwasindikiza. Kwenye kituo cha polisi walisubiri kwenye benchi mpaka saa saba. Afisa aliyewapokea alikuwa mpole. Alilitafuta faili, akalisoma lote kwa sauti ya chini, akamsikiliza Mbeti. Hii ilikuwa mara ya kwanza Mbeti kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mwenye meza. Alitaja siku, alitaja unene wa pedi, akataja maneno ya Mbugua jinsi alivyoyasema. Afisa alimuuliza pedi hizo ziko wapi. Mbeti alisema baada ya ajali gari lililetwa likiwa na pedi mpya tayari, na hakujua nani alizifunga. Afisa akamwonyesha karatasi ya ukaguzi: pedi mpya, breki nzima, sahihi na mhuri.

"Lakini mkono wa mtoto uko kwenye gurudumu," Jacklyne alisema.

Afisa aliandika hilo kitabuni, akauliza ni wa kulia au wa kushoto, akaandika na hilo. Alhamisi alikuja gereji mwenyewe. Alivua kofia, akauangalia mkono kutoka pande zote, akaupiga picha mbili. Mkono ulimpungia kidogo, naye akaitikia kwa kichwa.

"Mama, huu unaonyesha mtoto alikuwa hapa," alimwambia Jacklyne. "Hilo hatukulikataa hata siku moja. Habari za breki hauna."

Akavaa kofia, akaondoka.

Rimu za inchi kumi na sita zilifika Ijumaa. Shitanda alisema kazi aimalize yule aliyeianza. Mbugua alikuwa amempigia simu kuhusu safari ya kituoni, na alikuwa ametaja gereji nyingine ya upande wa Donholm, lakini Shitanda hakuyarudia maneno hayo yote kwa Mbeti. Alimwambia tu asikosee milimita.

Mbeti alimwomba Jacklyne aje. Jacklyne aliugonga mkono kwa kidole mara mbili, kama anavyofanya mtu anayemkataza mtoto kuchezea sufuria ya moto, na mkono ukakunja vidole. Mbeti akabandika sabuni juu ya vifundo vya vidole, taratibu, akafunga gurudumu, akalizungusha. Usukani kulia, usukani kushoto. Alipovua, zilibaki milimita nne. Hakuridhika. Diski ya breki hupata moto wa kuunguza nyama, na mkono ulikuwa karibu nayo. Akakata kipande cha bati, akakikunja kufuata umbo la mkono, akakifunga kwa skrubu mbili kati yake na diski. Akapima tena. Tatu na nusu. Hakuna aliyemtuma kazi ya bati, na Mbugua hakuiona.

Jumamosi walilijaribu gari kwenye barabara ya nyuma, likiwa tupu. Lilisimama papo hapo, bila kelele, mbele ya mstari ambao Shitanda alikuwa ameuchora kwa chaki. Mbugua alikuwa na furaha, akamwambia dereva ajaribu tena, na tena. Wazazi wawili waliokuja kutazama walisema sasa hiyo ndiyo breki.

Jumatatu shule zikafunguliwa. Gari husimama mbele ya duka la gesi saa kumi kasorobo, mlango upande wa kushoto, na watoto wa Tassia hushuka mmoja mmoja. Jacklyne huwa amefika tayari. Huchuchumaa kando ya gurudumu la mbele, hupitisha vidole kwenye tundu la rimu na kushikwa. Watoto humsalimu, nao hupita. Wengine huinama na kuusalimu mkono pia, kwa jina. Mbeti huwaona akiwa gereji. Siku hizi hapitii tena njia ya maji machafu, na Jacklyne humwitikia salamu, si zaidi ya hapo. Kituoni, faili limefungwa kwa uzi, na ndani yake mtoto anakatiza barabara ghafla mbele ya gari lenye breki nzima.

Mtoto wa mwisho akishashuka, dereva hushusha kioo.

"Mama Aloo," husema, "tunachelewa."

Naye huuachilia.