Ubani Juu ya Sanduku

Mama mkwe wangu, Bi Zeina, hufukiza kila kitu kwa ubani. Nguo mpya, shuka, mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hata mkoba wangu wa kazini uliwahi kupitishwa juu ya chetezo. Nilikuwa nikicheka. Asubuhi ile, nje ya chumba cha upasuaji hapa Malindi, nilinusa viganja vyangu na kicheko kikanikauka.

Muda mfupi kabla nilikuwa nimemkabidhi muuguzi Hope sanduku dogo lililotoka Nairobi kwa basi, likalala nyumbani kwetu. Ndani yake, kwenye pakiti iliyofungwa, mlikuwa na kipande cha plastiki maalumu kilichochapwa na mashine kwa kipimo cha mguu wa mume wangu Zayd, kimejaa vitobo kama mkate wa kumimina. Trekta la chumvi lilimsaga muundi kule Marereni, na sehemu ya mfupa ikapotea. Daktari Tsuma alitueleza kwamba mfupa wake mwenyewe ungeota ndani ya vile vitobo, na plastiki ingeyeyuka polepole mwilini. Alituonya tusilifungue sanduku wala tusiliweke penye joto. Pakiti ingefunguliwa mguu ukiwa umeshapasuliwa. Mguu ule ukipasuliwa bure, alisema, huenda ukaoza, na hapo ni kuukata.

"Mama," nikamwambia, "sanduku umelifukiza?"

Akajitanda buibui vizuri. Hakulifungua, akasema, alilifunika tu juu ya chetezo kwa kikapu cha nguo, mpaka alipomaliza kuswali na kuvuta uradi wake. Kitu kilichoshikwa na mikono ya watu asiowajua kingeingiaje hivi hivi mwilini mwa mwanawe?

Uradi wa Bi Zeina naujua. Wali huachwa jikoni ukaungua.

Nikainuka. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo. "Raiya, mwanangu, usiniaibishe. Watasema mimi ndiye niliyemkata mwanangu mguu."

Nilimhurumia na kumchukia papo hapo. Nikajinasua, nikaugonga ule mlango kwa ngumi mpaka Hope akafungua akinikemea.

"Msimpasue," nikasema. "Sanduku limekaa juu ya makaa."

Daktari Tsuma akatoka nalo mwenyewe, akauliza ni nani aliyeliweka huko. Nyuma yangu Bi Zeina akasema, "Ni mimi, daktari. Niulize mimi."

Daktari akaifungua pakiti mbele yetu. Kile kipande kilikuwa kimelegea upande mmoja na kupinda, vitobo vimeziba. Hakufoka, heri angefoka. Alisema kisu kilikuwa tayari mkononi. Kipande kingine kitachapwa, na Zayd itambidi angoje na kidonda chake. Kuhusu kidonda hicho hakuahidi lolote.

Zayd akatolewa akiwa macho juu ya kitanda cha magurudumu, miguu yake yote miwili imekufa ganzi chini ya shuka. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu, kwa ukali, mbele ya mama yake. Akaniwahi.

"Niliogopa mno humo ndani," akasema. "Halafu nikasikia harufu ya ubani. Nikajua mama yuko karibu, moyo ukatulia."

Bi Zeina akaugeukia ukuta, akalia. Nami, hasira zikiwa bado zimenijaa, nikamshika mkono nikamleta kitandani kwa mwanawe.