Mwanakhamis Wawili

Mwanakhamis Khatib alitoka benki amevimba kwa hasira. Mikate yake ya ajemi inasifika Ngamiani nzima, na jiko lake la mkaa lilikwisha kuelemewa. Alikwenda kuomba mkopo wa oveni kubwa, akaambiwa ana deni sugu la boti ya uvuvi huko Tongoni.

Boti! Yeye ambaye hata pantoni humtapisha.

Asubuhi ya pili akarudi kwa shari, kanga ameifunga kiunoni. Nilofer, binti wa dirisha la mikopo, alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akamfungulia taarifa yake ya mikopo.

"Mama, alama zako zimeshushwa na mambo mawili. Deni la boti, na mkopo wa friji uliochelewa kulipwa."

"Yapinge yote mawili, mwanangu. Futa!"

"La friji ni kweli au si kweli?"

Mwanakhamis akatazama dari. Mwaka ule mumewe alilazwa, na pesa yote ikaishia kwenye dawa.

"Kweli," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi tuliache. La kweli hata ukilipinga litabaki, ila uzito wake utapungua ukiendelea kulipa vizuri. Tupinge la boti."

"Nikipinga tu, alama zinapanda?"

"Hapana, mama. Kupinga peke yake hakupandishi wala hakushushi. Wanaotunza taarifa hizi wataandika tu kwamba deni hilo lina mgogoro. Kosa likisahihishwa, hapo ndipo alama zitapanda."

Baada ya siku kadhaa, kampuni iliyotoa mkopo wa boti ikamwita ofisini kwake, Chumbageni. Kwenye benchi alimkuta mwanamke mrefu mwenye buibui, ananung'unika peke yake. Mara karani, Sadalla, akachungulia mlangoni.

"Mwanakhamis Khatib!"

Wakainuka wote wawili.

"Nimeitwa mimi, bibi," akasema yule mrefu.

"Wewe nani? Mwanakhamis Khatib ni mimi!"

Wakatazamana. Mwanakhamis wa Ngamiani ndiye aliyezinduka kwanza.

"Mwenzangu, una boti?"

"Ninayo! Na nimeilipa mpaka shilingi ya mwisho! Lakini nikienda benki naambiwa sijawahi kukopa tangu nizaliwe!"

"Basi deni lako ninalo mimi!"

Kicheko kikawashika mpaka wakaegemeana. Sadalla alipekua, jasho likimtoka: mkopo uliandikwa kwa Mwanakhamis wa Ngamiani, malipo yakaingizwa kwa Mwanakhamis wa Tongoni. Akawaomba radhi, akasahihisha mbele yao. Walitoka pale wameshikana mikono, wanaitana somo.

Haikupita muda Nilofer akapiga simu. Deni la boti limeondoka, alama zimepanda. La friji lipo palepale, lakini halikuzuia kitu: mkopo umepita. Mwanakhamis alipiga kigelegele hadi jirani wakatoka wakidhani kuna posa.

Siku oveni ilipowashwa, somo yake alikuja toka Tongoni na kapu la samaki wa kukaanga. Mikate ya kwanza iliungua chini, maana mikono ya Mwanakhamis ilizoea moto wa mkaa. Hakujali. Wakaikwangua kwa kisu, wakaila na samaki pale barazani, na kila mpita njia aliyeita "Mwanakhamis!" aliitikiwa na sauti mbili.